Kutumia mashine za maabara ya pamoja huku Mbeya: soma hii kabla hujapanda basi na sampo zako

Wakuu habari zenu, na kamwene kwa wale wa Iringa na Njombe. Mimi ni fundi wa maabara hapa Mbeya, kazi yangu ni kukaa na mashine ambazo sio za idara moja wala sio za profesa mmoja, ni za wote, leo anakuja mtu wa udongo, kesho mtu wa mahindi, keshokutwa mwanafunzi wa masta na majani yake ya parachichi kutoka Rungwe, alafu anatokea daktari na vichupa vya damu, wote foleni ni moja na mashine ni zile zile. Msimu wa utafiti ukianza naulizwa maswali yale yale inboksi mpaka simu inapata moto, kwa hiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja. Kila maabara ina taratibu zake ila mengi ya humu utayakuta popote utakapoenda.

La kwanza, usilete sampo kabla hujaongea na watu wa maabara. Naona hii kila mwaka, mtu anapakia boksi la barafu Sumbawanga au Songea, analala njiani, asubuhi anashuka stendi anachukua bajaji moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu, anaambiwa mashine imebukiwa wiki nzima. Barafu ndo inayeyuka hivyo. Tuma meseji wiki mbili kabla, sema una sampo za nini, ngapi, unataka kupima nini na kwa njia ipi, kemikali gani unazo na zipi huna. Usione aibu kuuliza hata kama hujui njia, maana mara nyingine jibu litakuokolea hela. Mfano mtu anayetaka DNA ya majani ya mmea, hana haja ya kuhangaika na barafu toka Kyela, akatekate majani ayaweke kwenye mfuko na silika jeli ya kutosha (zile punje za kunyonya unyevu) yakauke haraka, yanasafiri hata kwenye begi la nguo na DNA inakuwa salama. Au mtu wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, anachota kiganja kimoja juu ya gunia anatuletea, aisee hapo hata mashine iwe ya bilioni haitakusaidia, sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia, punje chache zinaweza kubeba karibu mzigo wote na zilizobaki zikawa safi. Unachota sehemu nyingi za gunia, unachanganya, unasaga zote, ndo unapima hizo gramu chache kutoka kwenye unga. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni 10 ppb (sehemu kwa kila bilioni) kwa jumla na 5 ppb kwa ile aina ya B1, sasa fikiria unamwambia mkulima mzigo wake umefeli au umepita kwa sababu ya kiganja kimoja.

Kama sampo ni za binadamu, damu, makohozi, mkojo, chochote, njoo na kibali cha maadili mkononi. Sio kwamba tunakubania, bila kibali hatupokei hata kichupa kimoja. Vibali vya kitaifa vya utafiti wa afya vinapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na kibali cha utafiti chenyewe COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) hasa kama kuna mtafiti wa nje ya nchi. Hivyo vitu vinachukua muda, anza navyo mapema, usianze navyo wiki ya kuja kupima.

Mafunzo. Hapa ndo watu wananuna. Hakuna anayegusa mashine peke yake mpaka afundishwe na fundi, aifanye mbele ya fundi, na jina lake liandikwe kwenye orodha. Hata kama una PhD, hata kama uliitumia Uholanzi miaka minne. Naheshimu sana dokta wangu, lakini ile ya Uholanzi ilikuwa kampuni nyingine, programu nyingine, na kule kulikuwa na mtu wa kuja kuirekebisha siku hiyo hiyo. Mafunzo ya mizani ni dakika chache tu, ya HPLC (ile ya kutenganisha na kupima kemikali kwenye kimiminika kwa presha) yanaweza kula siku mbili tatu, panga ratiba yako na hilo likiwemo. Na ukishafundishwa wewe usije ukamfundisha mwenzako kimya kimya, maana yule atamfundisha mwingine, na kila hatua inadondoka njiani hadi wa mwisho anabonyeza tu vitufe.

Kubuku muda: unapobuku hesabu na muda wa kuwasha, kupasha na kusafisha. Watu wanabuku saa 4 mpaka saa 6 kwa sababu sampo zao zinachukua masaa mawili, wanasahau taa ya mashine inataka kupata moto nusu saa na kusafisha nusu saa nyingine, matokeo yake saa 6 mwenzio kasimama mlangoni na trei yake.

"Kaka naomba nusu saa tu namalizia."

"Dada, hiyo nusu saa sio yangu, muombe huyo hapo nyuma yako."

Na kama huji, sema huji. Kufuta nafasi jana yake jioni hakuna ubaya kabisa, kuna mtu wa Vwawa alikuwa anaitaka nafasi hiyo na angedamka afajiri akafika. Ukikaa kimya mashine inalala bure na yeye kasubiri wiki nyingine.

Umeme. Huku tunajuana. Mashine karibu zote kubwa ziko kwenye UPS, ile betri ya akiba, lakini elewa UPS ni ya nini, inakupa dakika za kuzima mashine kwa utaratibu, haikupi dakika za kumalizia sampo. Umeme ukikatika funga programu, sevu data, zima mashine, alafu subiri. Ukirudi usiwashe hapo hapo, uache utulie kwanza dakika kadhaa maana mara nyingi unarudi kwa kishindo, unakatika tena, unarudi, na hilo ndo linaloua bodi za mashine kuliko giza lenyewe. Friza la nyuzi hasi 80 usilifungue kabisa umeme ukiwa haupo, hata kama unataka kuchungulia tu sampo zako kama ziko salama. Zilikuwa salama mpaka ulipofungua.

Sasa twende kwenye mashine zenyewe, sitagusa zote, nagusa zile zinazoleta kesi nyingi.

Sentrifyuji, ile ya kuzungusha vichupa kwa kasi. Hii naiogopa kuliko zote na watu ndo wanaichukulia poa kuliko zote. Vichupa vinavyotazamana lazima vilingane uzito, narudia uzito, sio kulingana ujazo kwa macho, maana kichupa cha klorofomu na cha maji vikijaa sawa bado uzito ni tofauti kabisa. Weka kwenye mizani vyote viwili. Una sampo tano? Tengeneza ya sita ya maji yenye uzito sawa na mwenzake. Ukishafunga kaa hapo mpaka ifike spidi uliyoiweka, usiondoke kwenda kunywa chai, maana kama kuna tatizo linaanza wakati inapanda, ukisikia inatetemeka au inanguruma bonyeza stop na usifungue mpaka roto (kile kishikio cha vichupa kinachozunguka) isimame yenyewe. Kingine, acha kunakili spidi ya mtu mwingine. Karatasi imeandika mizunguko 10,000 kwa dakika, na wewe unaweka 10,000, kumbe roto zenu hazilingani. Nguvu halisi unaipata hivi: nusu kipenyo cha roto kwa sentimita, zidisha na mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, alafu zidisha na 0.00001118. Roto ya sentimita 7 kwa mizunguko 10,000 inakupa karibu mara 7,800 ya uvutano wa dunia, ya sentimita 10 inakupa zaidi ya mara 11,000. Tofauti hiyo ndo kichupa chako kinapopasuka humo ndani.

Na kikipasuka, au kikivuja hata tone, futa saa hiyo hiyo, maji kwanza, alafu kausha. Roto nyingi ni za aluminiamu na chumvi za bufa (maji ya kushikilia pH isibadilike) zinaila. Tone la Ijumaa jioni likikaa hadi Jumatatu utakuta kadoa keupe, ukikakwangua kwa ukucha chini yake kuna kashimo. Kashimo kale ndo mwanzo wa ufa, na roto yenye ufa ikiwa kwenye spidi kubwa sitaki hata kuelezea.

Spektrofotomita, ile ya kupima mwanga unaopita kwenye sampo. Watu wa udongo hii ndo yenu, fosforasi mnaisoma kwenye rangi ya bluu karibu na nanomita 880. Washa, iache ipate moto kama nusu saa, weka blanki, na blanki sio maji ya bombani, ni kila kitu ulichoweka kwenye sampo ukiondoa sampo yenyewe. Kichupa cha kusomea, ile kyuveti, ishike pande zenye mikwaruzo sio pande zinazong'aa, alama ya kidole chako nayo inasomwa. Kyuveti za plastiki za kawaida ni nzuri kwa rangi zinazoonekana, ila ukitaka kusoma DNA kwenye 260 au protini kwenye 280 plastiki hiyo na hata kioo cha kawaida havipitishi mwanga, unataka ya kwatsi, na ya kwatsi inaazimwa kwa kusaini maana bei yake inatisha. Namba ya mwanga uliomezwa (absobansi) ikija 2 au 3 usifurahi. 2 maana yake ni asilimia 1 tu ya mwanga imepita, 3 ni sehemu moja ya elfu, hapo mashine inakisia tu. Zimua sampo irudi kati ya 0.1 na 1, alafu zidisha. Ukimaliza zima taa, zile za kusomea chini ya rangi zinazoonekana zina maisha ya kuhesabu kwa masaa, kuanzia 1,000 hivi, na ukiiacha inawaka usiku kucha umekula masaa ya wenzako bure.

Otoklevu, ile ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha, hapa nawaomba msome taratibu kwa sababu ni jambo la huku kwetu na vitabu vingi haviliongelei. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100. Sasa zile otoklevu za kizamani za kuangalia geji ya presha, kitabu kinasema fikisha paundi 15 ndo utakuwa nyuzi 121. Hiyo ni kweli Dar na Tanga. Geji inasoma presha iliyozidi ya hewa ya nje, na hewa ya nje huku ni nyepesi, kwa hiyo paundi 15 za Mbeya hazikufikishi 121, unatakiwa uende karibu 17 na nusu mpaka 18, Njombe na Makete ndo zaidi. Angalia kwanza geji na valvu ya otoklevu yako inaruhusu, usiongeze kwa ubishi. Ndo maana kuna watu media zao (chakula cha kuoteshea vijidudu) zinaota ukungu kila wiki wanalaumu mwanafunzi hana usafi, kumbe otoklevu haijawahi kufika nyuzi zake. Zile mpya zenye kipimo cha joto ndani zinajirekebisha zenyewe, lakini hata hizo tia utepe wa kiashiria kila mzigo, na mara moja moja vile vichupa vya vijidudu vya majaribio. Toa hewa yote kabla hujafunga valvu. Na usiweke kitu chenye jiki humo, kamwe. Tukiwa kwenye jiki, vyombo vya sumukuvu tunaviloweka kwenye jiki kuua sumu, sawa, lakini jiki isikutane na asidi hata kidogo, inatoa gesi ya klorini na chumba chetu ni kidogo.

Mizani: usipime kitu cha moto. Udongo ukitoka kwenye oveni ya nyuzi 105 uweke kwanza kwenye desiketa (chombo kikavu kilichofungwa) upoe, kitu cha moto kinapandisha hewa na mizani inakidanganya kuwa chepesi. Funga vimilango vyake, angalia kapovu ka usawa, na unga uliomwagika fagia kwa brashi, usipulizie kwa mdomo.

pH mita, kale kaelektrodi kanaishi kwenye maji ya chumvi ya KCl (potasiamu kloraidi), molari 3. Sio maji safi. Ukikaacha kwenye maji safi kanakufa polepole na hakuna anayejua nani alikaua.

Hadubini, mafuta ni ya lensi ya 100 tu, ukimaliza usiizungushe kurudi 40 maana lensi ya 40 inabeba mafuta na mtu anayefuata ataona ukungu atadhani macho yake. Futa kwa karatasi ya lensi, sio toileti pepa, sio pindo la koti. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne mvua zikichanganya, fangasi wanaota kwenye lensi, kwa hiyo ikitumika inarudi kabatini na silika jeli yake, haiachwi mezani na kifuniko kimelowa.

HPLC sitaielezea hapa, kwa hiyo usiwe umesoma haya ukasema umefundishwa. Niseme mawili tu, kila kinachoingia kinachujwa, sampo na maji yake, kichujio cha maikroni 0.45 au chini ya hapo. Na kama ulitumia bufa yenye chumvi, osha kwa maji kwanza ndo uweke methanoli au asetonitraili, ukiruka hiyo chumvi inaganda ndani ya mipira na kolamu, asubuhi presha iko juu ya mstari na kazi ya mtu mwingine imesimama.

Glavu zinakukinga wewe na sampo, hazikingi kitasa cha mlango. Vua moja ukishika kitasa, kibodi au simu. Flashi haziingii kwenye kompyuta za mashine, kirusi kimoja kinatosha kufuta programu ambayo leseni yake hatuna tena, data tunakutumia kwa barua pepe au unachukua kwenye kompyuta ya pembeni, na chukua siku hiyo hiyo, hatuhakikishi kuitunza milele. Chakula hapana, hata karanga. Najua baridi ya mwezi wa sita na wa saba inavyouma huku ila chai nayo ni nje, na hita usije ukachomeka kwenye soketi ya UPS tafadhali.

Sasa hili nalisema kwa herufi za kawaida lakini ndo kubwa kuliko yote: kikiharibika kitu sema. Sema muda huo huo. Fundi wa kampuni anatoka Dar au Nairobi, Dar tu ni zaidi ya kilomita 800, kabla hajapanda gari anauliza ilikuwaje, ilitoa mlio gani, iliandika nini kwenye skrini, ilikuwa spidi ngapi. Ukijibu hayo anaweza kuja na kipuri sahihi mara moja, usipojibu anakuja kuangalia, anarudi, anaagiza, anakuja tena, na miezi imeenda. Kwa hiyo skrini ikiandika kosa usibonyeze OK kwanza, ipige picha na simu, afu niite. Kwetu aliyesema hatozwi wala hafukuzwi, tunakaa tunajifunza. Anayefukuzwa ni yule aliyefunika mashine na kitambaa vizuri akaondoka, na tunamjua maana daftari la mashine lina jina lake.

Daftari lenyewe lijaze wakati unatumia, sio mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Jina, simu, saa ya kuanza na kumaliza, ulipima nini, hali uliyoikuta na hali uliyoiacha. Hapo kwenye hali usiandike "poa" tu. "Blanki ilikuwa inacheza kidogo mwanzoni, ikatulia baada ya dakika 20" ni sentensi moja lakini mimi nikiiona mara tatu kwa watu watatu nashtuka kwamba taa inaelekea mwisho, naagiza nyingine kabla haijafa.

Sampo kwenye friza ziandike jina, tarehe, namba ya simu na tarehe ya kuzitoa, kwa kalamu isiyofutika na barafu. Kibandiko kilichoandikwa "A1, A2, A3" basi, hicho cha nani? Tunapiga simu, tunatangaza kwenye grupu, tukikosa mwenyewe zinatupwa. Na ukichapisha makala au ukimaliza tasnifu taja maabara kwenye shukrani na utuletee nakala, tunapoomba hela ya matengenezo ndo tunachoonyesha.

Mfano wa meseji ya kuombea nafasi huu hapa, nakili ubadilishe:

"Habari fundi. Naitwa fulani, niko mwaka wa pili masta, supavaiza wangu ni Dkt. fulani. Nina sampo 40 za udongo kutoka Mbozi, zimekauka na kuchekechwa, nataka kusoma fosforasi kwa spektrofotomita. Kemikali ninazo isipokuwa amoniamu molibdeti. Mashine hii sijafundishwa. Naomba siku ya mafunzo na siku mbili za kupima wiki ya tarehe 12, asubuhi ikiwezekana. Niambie gharama na kama nije na kyuveti zangu."

Meseji kama hiyo naijibu siku hiyo hiyo. Ile ya "mambo, mna mashine ya kupima udongo?" itabidi nikuulize maswali kumi kwanza.